Fundi wa Nzi Wanaoelea

Ukimwamkia Fundi asubuhi ilikubidi usubiri. Ulisema shikamoo mlangoni, ukavua kandambili, ukakunja kanga na kuiweka juu ya kigoda chako, ukafungua mkebe wako wa ndoano, na hapo ndipo uliposikia "marahaba" ikitoka upande wa dirishani. Haikuwa kiburi. Alikuwa na uzi kati ya meno. Alianza kazi kabla yetu sote, na akishaushika uzi hakuuachia kwa ajili ya mtu yeyote, hata paroko. Wageni walidhani masikio yake yameanza kuchoka. Sisi tuliokaa mezani kwake Mshangano tulijua kwamba shikamoo zetu zimepokelewa na zimewekwa, zitajibiwa fundo likishafungwa.

Nilimwamkia hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Katika miaka hiyo alinifundisha karibu kila alichokijua, isipokuwa kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho nilichokitaka. Naliandika hili mapema ili anayesoma asinidhanie vingine: nilimpenda yule mama na nilimwonea wivu, na siku nyingi wivu ndio uliotangulia kuamka.

Kazi yetu watu wengi wa Songea hawaijui hata leo. Tulikuwa tunafunga nzi. Nzi wetu ni ndoano ndogo, nyingine ndogo kuliko punje ya mtama, inayovishwa uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka mtoni. Kuna samaki anaitwa trauti, anaishi kwenye vijito vya baridi huko juu Njombe na katika nchi za mbali, na kuna watu wanaomvua kwa kumdanganya na mdudu wa namna hiyo. Wapo nzi wa kuzama na wapo wa kuelea. Wa kuzama tuliwafunga sisi wanawake wanne, kwa sufu na manyoya ya shingo ya jogoo. Wa kuelea aliwafunga Fundi peke yake, kwa singa.

Singa ndivyo alivyoziita nywele za mnyama ambaye sisi hatuna. Wakala aliyekuwa akikusanya kazi yetu kutoka Njombe alisema ni kulungu wa Ulaya. Fundi alisema ni ayala, neno ambalo mimi nilikuwa nimelisikia kanisani tu. Zilikuja zikiwa bado kwenye ngozi, vipande vya ukubwa wa kiganja vilivyofungwa kwenye karatasi, na harufu yake ilikuwa ya chumvi na vumbi. Kila unywele una uwazi ndani kama tete. Ukiuweka juu ya ndoano na kuukaza kwa uzi unasimama, wenzake nao wanasimama, wanazunguka ndoano yote kama nywele za mtoto aliyeshtuka. Kisha unazikata kwa wembe mpaka mdudu atokee. Ule uwazi ndio unaobeba hewa, na hewa ndiyo inayomfanya nzi aelee juu ya maji.

Haya yote niliyajua kwa kusikia. Kuona sikuona. Fundi alikuwa na kimeza chake dirishani na alikaa ametupa mgongo. Tuliona kiwiko tu. Tulisikia akichana singa kwa kichana cha chawa ili kutoa malaika, vile vinyweleo laini vilivyo chini, halafu akizitumbukiza ndani ya kifuniko cha rangi ya mdomo na kukigonga mezani mara tatu ili ncha zilingane. Baada ya ile milio mitatu pakawa kimya. Bi Zuhura, mama wa Tunduru aliyekaa karibu nami na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akininong'oneza kila mara, "Mganga kaingia kilingeni. Tusikohoe."

Fundi alimsikia. "Zuhura, kohoa tu. Samaki hana masikio."

Samaki alikuwa na mambo mengi ambayo hana, kwa maneno ya Fundi. Ukimpamba nzi wako kwa rangi za ziada alikuambia samaki hasomi. Ukilalamika kwamba unyoya umekuwa mfupi kwa nywele moja alikuambia samaki hapimi, halafu akamrudisha nzi yule yule umfungue na kumfunga upya, kwa sababu yeye alikuwa anapima.

Huyo samaki hakuwahi kumwona akiwa hai. Nilipolijua hilo nilikuwa nimekaa kwake mwaka mzima na nilidhani ananitania. Ujanani alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya meneja wa shamba la chai huko nyanda za juu. Mke wa meneja alifunga nzi kwenye meza ya kulia chakula, na Fundi alifagia chini ya meza hiyo. Alifagia polepole. Kila jioni meneja alirudi na samaki kwenye kapu, na kazi ya kuwapasua ilikuwa ya Fundi. Aliwapasua na kuyafungua matumbo yao juu ya sahani nyeupe, akatazama walichokula. Alisema alijifunza zaidi kwenye ile sahani kuliko chini ya meza. Aliwajua wadudu wa mto ule wote, wenye mabawa na wasio na mabawa, na hakuwahi kufika mtoni hata mara moja. Maji ya kufulia yaliletwa kwa punda.

Baada ya hapo hakula samaki tena. Tulipokula dagaa wa Nyasa mchana yeye alifungua bakuli lake la maharage na kuhamia mlangoni.

Niliingia kwake nikiwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa ametangulia miaka minne nyuma, na mwaka ule mama naye akafariki, nami nikaacha shule kidato cha pili kwa sababu nyuma yangu walikuwepo mdogo wangu Skolastika na wadogo zetu wawili wa kiume, na hakuna aliyejitokeza kutuchukua wote wanne pamoja. Kuwagawa sikutaka. Siku moja nilikuwa nimekaa mlangoni namsuka Skola nywele, Fundi akapita akitoka misa ya asubuhi. Akasimama. Hatukuwa tunajuana zaidi ya salamu. Alitazama mpaka nikamaliza mstari mzima, kisha akasema, "Njoo kwangu Jumatatu. Uje na mikono hiyo hiyo."

Sikusahau wema huo, na haukuwa wa pekee. Mdogo wangu wa mwisho aliposhikwa na malaria kali, Fundi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, mama mzima aliyekwishapita umri wa kubeba watoto, huku mimi nikikimbia pembeni na kandambili mkononi. Msimu mahindi yetu yalipoliwa na nguruwe alinitumia debe mbili bila kusema neno, na nilipokwenda kushukuru aliniuliza kama nimekuja kushukuru au kufanya kazi. Mkono wake ulikuwa wazi kwa kila kitu. Ndiyo maana kufumbwa kwake kwenye singa kuliniuma zaidi. Mchoyo wa kila kitu unamzoea.

Pia alikuwa na jogoo. Hakuwafuga kwa ajili ya nyama. Alikuwa na jogoo kumi na kitu wa rangi za ajabu, wa kijivu kama majivu ya jana, wa kahawia yenye ncha nyeusi, na aliwajua kwa shingo zao. Majirani walimwona ana wazimu, maana Krismasi ilipita na Pasaka ikapita na jogoo wake wako hai. Jirani akichinja wa kwake, Fundi alifika kabla sufuria haijachemka, akaomba shingo. Mwaka mmoja alikwenda hadi kwa katekista siku ya Pasaka, akaingia jikoni, akamkuta mke wa katekista amekwisha kumtumbukiza jogoo kwenye maji ya moto. Alisimama akamtazama yule ndege kama mtu anayeaga maiti. Bi Zuhura alikuwa akilisimulia hili kila mwaka na kuongeza kwamba Fundi alitoa pole.

Kuhusu singa nilimwomba mara moja tu. Nilikuwa na miaka minne mezani na nzi wangu wa kuzama walikuwa hawarudishwi tena. Tulibaki wawili jioni tukifunga madirisha. Nilimwambia kwa adabu, kwamba kama ana nafasi, ningependa kujaribu wale wa kuelea. Alifuta jiriwa yake, kile chuma kinachobana ndoano ukingoni mwa meza, akaifuta tena, akasema sufu yangu ni nzuri sana na wakala anaisifu. Nikaelewa. Nilikuwa nimezoea kubeba mambo bila kuuliza mara mbili.

Kisha ukaja ule mwezi wa Desemba ambao Skola alimaliza kidato cha nne.

Alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa na la kufanya akisubiri matokeo, basi mchana aliniletea chakula na kukaa. Skola ni mcheshi, anagusa vitu. Mimi sikuwahi kugusa kitu cha Fundi bila kuruhusiwa. Siku ile alisimama nyuma ya Fundi kabisa, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama, akachungulia juu ya bega lake na kusema, "Mama, mbona zinasimama?"

Tuliacha kufunga. Bi Zuhura aliniangalia macho yamemtoka. Fundi alimaliza fundo lake, akaukata uzi, akageuka na kumtazama mdogo wangu. Kisha akasogea upande mmoja wa benchi. "Kaa hapa."

Ule mchana sikufunga kitu cha maana. Nilikuwa nimewapa mgongo, kama siku zote, na nilikuwa nasikia. Milio mitatu. Halafu milio mitatu mingine, myepesi, ya mkono usiozoea. Fundi akasema kitu kwa sauti ya chini, Skola akacheka. Milio mitatu tena. Kabla ya saa kumi Skola alinijia na nzi kwenye kiganja, mnene, wa duara, ncha za singa zimelingana kama nywele zilizotoka kwa kinyozi. Akamweka kwenye beseni la majaribio, beseni la maji ambamo kila nzi wa kuelea alikaa nusu siku na anayezama alikatwa. Nzi wa mdogo wangu alikaa juu ya maji kama amezaliwa humo.

"Dada, ona," alisema.

Nilimwona.

Nyumbani nilipika ugali na mlenda. Nilimwambia anionyeshe jinsi ya kufanya. Aligeukia sufuria. Kisha akasema Fundi amemwambia asinionyeshe.

"Kwa nini?"

"Hakusema. Nimeshaahidi, Dada."

Nilimpakulia. Nilimpakulia kingi kuliko wote, nikamwekea mbele, nikakaa upande wa pili wa jiko nikimtazama akila. Nilikuwa nimemsuka, nimemfulia, nimemtafutia sare za shule miaka saba, na sasa ndani ya kichwa chake kulikuwa na chumba ambacho mimi siruhusiwi kuingia, na aliyekifunga ni mwanamke ninayemwamkia kila siku. Sikujua nimchukie nani kwanza. Nilianza na yule aliyekuwa karibu, halafu akaniambia ugali umeiva vizuri, ikabidi nihamie kwa mwingine.

Miezi ile Skola alikaa kwenye benchi la dirishani na wakala akapata nzi wa kuelea wengi kuliko kawaida. Fundi alimwita "mwanangu". Sisi wengine alituita kwa majina, na mimi aliniita Mkubwa. Bi Zuhura alinichokoza kwamba nimeleta mbuzi wangu mwenyewe na amekula shamba langu mwenyewe. Wengine walicheka. Nilicheka nao, kwa sababu lilikuwa kweli na kwa sababu mtu akishaanza kununa mezani hawezi kuacha.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kufagia ilikuwa zamu yangu. Nikaanza kufagia polepole. Nilikusanya singa zilizoanguka chini ya kimeza cha Fundi, nikazitia kwenye kiberiti, na Jumapili baada ya misa nilikaa dirishani kwangu na kujaribu. Nilijaribu Jumapili nyingi. Mwishowe nikapata kumi na wawili walioonekana kwangu kuwa wazuri, na asubuhi moja nikawachanganya kwenye sinia la Skola, katikati ya wale mia na zaidi waliokuwa wanasubiri kufungashwa. Nilitaka waondoke. Nilitaka wafike Njombe na mbali zaidi, na samaki mmoja mahali nisipopajua amkamate mmoja wao, basi.

Fundi alikuwa na desturi ya kupitisha vidole juu ya kila sinia kabla ya kufungasha. Hakuangalia, macho yake tayari yalikuwa yameanza kupata ukungu. Alipitisha vidole na alijua huyu ni wa nani, na kama Zuhura ameamka na hasira, na kama mtu alikata kwa wembe butu. Siku ile alipofika kwa Skola alisimama. Akatoa mmoja. Akatoa mwingine. Alitoa kumi na wawili bila kukosea hata mmoja, akawapanga mezani.

"Hawa wamebanwa," alisema. "Hawana hewa."

Kisha akachukua wembe. Aliwakata mmoja mmoja mpaka zikabaki ndoano tupu, na singa zikaanguka sakafuni nilikoziokota. Hakuuliza ni za nani. Alipomaliza alizikusanya zile ndoano kumi na mbili, akapita nyuma ya viti, akazimimina kwenye mkebe wangu, akarudi kwenye kimeza chake.

Mchana aliniletea parachichi lililoiva. Nilikula. Sikujua kufanya lingine.

Watu wameniuliza kwa nini sikuondoka. Ningekwenda wapi? Wadogo zangu wa kiume walikuwa bado shule ya msingi, na kazi ile ilikuwa inafanyika kwenye kivuli, dakika tano kutoka nyumbani, na mtoto akiugua naitwa dirishani. Lakini hiyo si sababu yote. Nilikaa kwa sababu nilidhani atachoka kabla yangu. Nilikuwa nashindana naye kwa kukaa, na kwa kukaa hakuna aliyewahi kunishinda.

Skola alipata matokeo mazuri, akaenda kidato cha tano, kisha chuo cha uuguzi, na leo yuko Mbeya anavaa sare nyeupe. Fundi alimsindikiza mpaka stendi. Kurudi alikaa dirishani na milio mitatu ikawa ya mtu mmoja tena. Nilidhani sasa ataniita. Ilipita miaka mingine sita.

Kuna siku moja tu niliyomwona mikono yake ikiwa mitupu. Wakala alikuja na mzungu mmoja mrefu, mvuvi, aliyetaka kumwona aliyefunga nzi fulani wa kuelea. Kupitia kwa wakala akamuuliza Fundi huwa anavua mto gani. Fundi akajibu hajawahi kushika fimbo ya kuvulia wala kumwona huyo samaki anaogelea. Mzungu alidhani wakala ametafsiri vibaya. Lilipomwingia alitoa simu yake na kutuonyesha picha inayotembea: maji ya kahawia, nzi mdogo anashuka na mkondo, halafu chini yake kivuli kinapanda, mdomo unafunguka polepole, na nzi hayupo.

Tulisongamana wote kuangalia. Fundi aliisogeza simu karibu na pua kwa sababu ya macho. Akaomba arudiwe. Akaomba tena. Kisha akasema, "Kumbe anakuja kwa chini," akamrudishia mwenyewe simu yake.

Baada ya wageni kuondoka alikaa kwenye kimeza mpaka jioni, mikono juu ya mapaja, hakufunga nzi hata mmoja. Alikuwa amewafunga maelfu kwa ajili ya ule mdomo. Sisi tuliongea kwa sauti za chini kama kwenye msiba. Na hata siku hiyo, nakiri, wivu ulinipata. Nilitamani niwe nimewahi kufanya jambo kubwa kiasi cha kunikalisha hivyo.

Macho yake yalipofungwa kabisa na ukungu, mwanawe alikuja kumchukua akaishi naye Ruhuwiko. Hiyo ni miaka miwili sasa. Aliniita siku moja kabla. Aliamua meza kubwa ije kwangu, na viti, na jiriwa zote, na jogoo, na ile biashara na wakala, na wanawake wenzangu kama watakubali, na walikubali. Kile kimeza cha dirishani nacho kilikuja. Juu yake palikuwa na kifurushi cha ngozi ambacho hakijafunguliwa. Alinipa kila kitu ila maarifa ya kukitumia. Nilimshukuru na nikamwagia jogoo mahindi huku machozi ya hasira yakinitoka.

Wakala alitaka wa kuelea. Bila wa kuelea, alisema, hataweza kuja kwa ajili ya sufu peke yake, njia ni ndefu. Nikampigia Skola. Krismasi ile alikuja likizo, na siku ya pili nikamkuta amekaa kwenye kimeza, ameshachana singa, ananisubiri.

"Na ahadi yako?" nilimuuliza.

"Niliitoa nikiwa mtoto, Dada. Kaa."

Nikakaa. Aliyejifunza kutembea akishika sketi yangu alinifundisha kwa wiki mbili, na haikuwa rahisi kwa mmoja wetu. Nilichana sawa, niligonga sawa, nilizungusha uzi sawa. Nilishindwa mahali pamoja. Singa unazishika kwa vidole viwili juu ya ndoano, unazungusha uzi mara mbili ukiwa umelegea, kisha unavuta, na katika kuvuta kule kule unaziachia. Ukiachia mapema zinatawanyika. Ukichelewa zinaganda upande mmoja, ngumu, hazina hewa. Mimi nilichelewa kila mara. Vidole vyangu havikukubali.

"Dada, achia," alisema Skola. "Unazishika kama unavusha mtoto barabarani."

Siku ya tisa niliachia. Zilizunguka ndoano yote zenyewe, kama zilikuwa zinasubiri ruhusa. Skola alipiga makofi. Nilimwambia asipige makofi, anawashtua kuku.

Mwezi wa saba uliopita, Jumamosi, nilipanda bodaboda kwenda Ruhuwiko. Nilichelewa kwenda makusudi. Nilitaka kwanza mkono wangu utulie, nifunge wa kuelea mpaka wakala aache kuwakagua. Kulikuwa na baridi ile ya Songea inayoingia kwenye mifupa, na Fundi alikuwa amekaa kwenye jua kibarazani, sweta mbili, kofia ya sufu, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa anachambua kwa vidole. Mawe na mabovu aliyatupa kulia bila kukosea. Amepungua. Mikono haikupungua.

Tulisalimiana, akauliza habari za Skola. Nilijua atauliza, na nilijua atauliza la kwanza. Nikamweleza: yuko wodi ya wazazi, anafanya zamu, ana mchumba. Akafurahi. Kisha akauliza jogoo, kisha Bi Zuhura, kisha wadogo zangu, na mwisho akauliza kama mimi ni mzima.

Nikatoa nzi kwenye leso. Alikuwa wa kuelea, wa singa, mkubwa kidogo, nilimfunga asubuhi ile. Sikusema kitu. Nikashika mkono wake na kumweka katikati ya kiganja.

Alijua ni nini kabla kidole hakijamgusa. Alisogeza ungo pembeni. Alipitisha kidole mgongoni mwa nzi, akageuza, akapitisha tumboni palipokatwa na wembe, akagusa ncha kwa midomo, kisha akambonyeza taratibu na kumwachia ili asikie anavyorudi. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa barua.

"Huyu ni wa Skola," alisema. "Mwambie mkono wake haujapotea."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka yote ile na nilikuwa na uzoefu.

"Ni wangu, Fundi."

Alimpitia tena yule nzi, polepole zaidi, na nilijua anatafuta kosa, nami nikasubiri alitaje. Alimpitia mara ya tatu. Ndani ya nyumba mkwewe alikuwa anaosha vyombo na vijiko vilikuwa vinagongana. Jua lilikuwa limefika magotini mwake.

"Nani alikufundisha?" aliuliza. "Mimi sikukufundisha."

Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wake.

"Skola."

"Alikufundisha kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

"Mimi yeye nilimfundisha mchana mmoja," alisema Fundi. Akafumba mkono juu ya nzi. Uso aliuelekeza kwangu ingawa hanioni. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kurudisha kazi mbovu, "Wewe ningekufundisha kwa saa moja, na singa zisingekuwa zangu tena. Ndiyo maana."

Nilisubiri aendelee, hakuendelea. Alimchomeka nzi kwenye sweta, kifuani, akauvuta ungo mapajani na kuniambia kama nina haraka niende, kama sina nimsaidie maharage. Sikuwa na haraka. Tulichambua mpaka ungo ukaisha.

Jioni Skola alipiga simu kuuliza nimemkuta Fundi akiwaje na amesema nini. Nilimwambia anamsalimu, na amesema mkono wake haujapotea. Alifurahi mpaka nikasikia akiwaambia wenzake wodini. Hiyo nilimpa, ni yake. Ile nyingine sikumpa.